LETENI NAZI??? Hivi yule bwana wa kinanda anajiona nani hapa Lamu

BesiMkomani (mwenye uzi)

Nimeingia ndani saa hii, viatu sijavua, chai imepoa, naandika na vidole vinatetemeka. Jina simtaji, mnamjua. Kila harusi kuanzia Shela mpaka Langoni yuko yeye na kinanda chake na miwani ya jua saa nne za usiku. Huyo huyo.

LETENI NAZI. Ndio neno alilosema. Mbele za watu.

Mnajua nimekuwa nikijiundia gitaa la besi, zile zinazokuja vipande kwenye boksi, bodi mbali shingo mbali nyaya kwenye kifuko, boksi limeshuka Mombasa likapanda basi mpaka Mokowe likapanda boti likafika limelowa upande mmoja lakini ndani alhamdulillahi salama. Bodi inakuja mbao tupu, haina rangi wala vanishi. Nikaipiga msasa namba 120, nikaja 240, nikaja 400, nyumba nzima tumekula wali wa vumbi mpaka mamangu akatishia kuhamia Matondoni. Nikapaka mafuta nikangoja yakauke, na unyevu wa hapa mnaujua, kitu kukauka ni majaliwa. Shingo nayo kichwa chake kinakuja bapa tu, wanakuachia ukate umbo ulitakalo, mimi nikachora omo, ile pua ya mbele ya jahazi, nikaikata kwa msumeno wa mkono pole pole kama natahiri mtoto wa sultani. Nikakaza shingo kwa skrubu zake nne, nikalehemu pikapu, ile inayonasa mlio wa nyuzi, na zile poti mbili, vile virungu vya kuzungusha, ya sauti na ya toni, nikatia nyuzi zangu E A D G. Ikalia. Wallahi ikalia.

Haya, leo ndio mazoezi ya harusi ya Alhamisi. Nafika, salamu, naitoa kwenye mfuko. Yule bwana akazima kinanda. Ukumbi kimya. Akaja akaizunguka, akaishika kichwa, ile omo yangu niliyoikesha, akageuka kwa watu akasema, "Haya, mbuzi imefika. Leteni nazi tukune, wageni wasikose tui."

LETENI NAZI.

Na kuna kitoto pale, sijui cha nani, Mungu akikuze, kikatoka mbio jikoni kikarudi nayo. Nazi ya kweli jamani. Imeshavunjwa! Kizio kizima cheupe kinameremeta. Yule bwana akakipokea, akakiweka kwenye kichwa cha besi yangu, AKAKIZUNGUSHA. Watu wakaangua kicheko mpaka punda wa nje wakajibu. Mjomba wa mchumba wangu alikuwepo, mtu ambaye tangu nimjue hajaonyesha jino, leo nimeyahesabu yote mpaka ya mwisho, chai ikammwagikia kwenye kanzu na hakujali.

Halafu akiwa bado ana nazi mkononi eti ananifundisha, "gitaa la kweli halifungwi kwa parafujo". Maskini. Besi ya kwanza ya Fender, Precision ile ya 1951, shingo imekazwa kwa skrubu nne hivi hivi kama yangu, na nyuzi urefu inchi 34 hivi hivi kama yangu. Kwa hiyo mzee Leo Fender mwenyewe, Marekani kule, alikuwa anauza mbuzi? Dunia yote hii ya muziki inakuna nazi tangu 1951?

Na anayesema ni nani! Mtu ambaye ngoma zake zinatoka ndani ya plastiki, anabonyeza kidude zinajipiga zenyewe, yeye amebaki kutabasamu na kupokea tuzo. Funguo mbili za kinanda hazilii tangu sijui lini. Huyo ndiye wa kuniambia mimi leteni nazi.

Amekizungusha, jamani. Si kuweka tu. Amezungusha. Chembe za nazi zimeingia kwenye vigingi, natoa na kijiti cha meno hapa nilipo.

Nataka mawazo ya kumkomesha. Wa kuniambia nisubiri asijisumbue.

MlaPweza

Nimefika "imeshavunjwa" nikaanguka kitandani 😂😂😂 swali langu moja tu, nani aliivunja na kwa nini ilikuwa tayari??

BintiLangoni

Nilikuwepo mimi. Kaka hajasimulia yote. Baada ya nazi yule bwana alitaka na kuikalia kabisa, alishakunja kanzu, wazee ndio wakamzuia.

BesiMkomani

Hiyo niliiacha makusudi nilinde heshima iliyobaki. Ahsante sana dada.

Kusi_Kali

Picha iko wapi? Bila picha huu uzi ni hadithi za barazani.

BintiLangoni

Ninayo. Naitia. [picha]

Kusi_Kali

Eeh

Ndugu yangu

Sasa... ile ni mbuzi.

MlaPweza

Omo ya jahazi gani hiyo, lile jahazi liligonga mwamba 😂 mimi mwenyewe ningeitisha nazi na sukari.

BesiMkomani

Picha imepigwa upande mbaya!! Na mnaocheka hamjawahi kuunda hata kigoda.

FundiTaratibu

Mimi sicheki. Nauliza, ule waya wa ethi unaokwenda kwenye briji, kile chuma cha bodini kinachoshika nyuzi, uliufunga? Manake waliokuwepo wameniambia ilikuwa inanguruma kwenye spika kabla hujagusa kitu. Gusa nyuzi kwa mkono, mngurumo ukipungua briji imeshika, ukibaki vile vile waya huo haujafika kwenye chuma. Wengi wanauacha kwa sababu unapita chini ya briji hauonekani.

BesiMkomani

Tunazungumza heshima ya mtu wewe waniletea waya.

FundiTaratibu

Sawa. Na ukimaliza heshima, piga uzi mtupu kisha ubane kwenye freti ya 12, vile vyuma vya shingoni, upige tena, isikike ile ile ila juu oktavu moja. Ya freti ikiwa juu kupita, rudisha kile kitandiko cha briji nyuma, ikiwa chini sogeza mbele. Halafu itazame shingo kwa jicho moja kutoka kichwani, ikiwa imepinda ndani sana kaza kile chuma cha ndani kwa ufunguo wa L, robo mzunguko tu, uiache ipumzike. Kaskazi na kusi zikibadilishana mbao itasogea tena, usishtuke.

BesiMkomani

Nikikaza robo mzunguko yule bwana ataacha kuleta nazi?

FundiTaratibu

Hapana, lakini angalau itakuwa mbuzi yenye tyuni.

MlaPweza

😂😂😂😂 FundiTaratibu umeua

JahaziKuukuu

Kosa ni hayo mafuta mliyopaka ya dukani. Mbao ya Lamu ni sifa tu, mafuta ya papa, majahazi tumeyapaka hayo tangu mababu. Paka sifa mikono mitatu. Maji ya chumvi hayaingii, mchwa hasogei, na hakuna mwenye kinanda atakayekaribia hatua kumi.

Kusi_Kali

Wala bibi harusi.

Mzee_wa_Udi

Vijana, nawasoma tu. Marehemu Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarabu, kazaliwa hapa hapa Lamu, na udi wake wa nyuzi haukutaka umeme wala ufunguo wa L. Mato yangu yameona taarabu ya watu kukaa na kusikiliza shairi. Yeo mwagombana juu ya spika. Huyo wa kinanda na huyo wa besi wote wawili ni kelele tu.

BesiMkomani

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, besi iliingia kwenye taarabu kabla mimi sijazaliwa, mbona hilo hukulalamikia wakati huo?

Mzee_wa_Udi

Marahaba. Nililalamika. Hakuna aliyesikia, spika zilikuwa juu.

KanzuFupi

Samahani naingilia. Nyinyi mna besi, angalau inalia. Mimi yule fundi cherahani, mnamjua, amenipima mara mbili na kamba mpya, kanzu ya Idd imeishia magotini. Nimeswali sala ya Idd nimechuchumaa. Nikamuuliza akanambia eti vitambaa vya siku hizi havina adabu.

BintiLangoni

Huyo! Gauni langu alishona mkono mmoja wa kulia na mwingine wa kulia.

Kusi_Kali

Huyo huyo aliyepoteza kitambaa cha shangazi kisha akakivaa yeye mwenyewe Maulidi? Tulimwona wote.

KanzuFupi

HUYO HUYO

BesiMkomani

Jamani tunazungumzia nazi hapa.

JahaziKuukuu

Kama ni kulalamika tuanze na yule nahodha wa Mokowe. Boti imejaa, watu wamekaa juu ya magunia, mimi nina samaki wa barafu anayeyuka, yeye anasema bado mtu mmoja. Huyo mtu mmoja bado hajazaliwa.

MlaPweza

Halafu mkiondoka tu injini inazima katikati, anaanza kuuliza nani ana laini yenye mtandao.

Kusi_Kali

Na nauli akiona una begi inapanda. Begi lenyewe la kuning'iniza begani! Nikamuuliza, na pumzi zangu je, nazo nilipie?

BintiLangoni

Mimi aliniwekea punda mapajani. Sitanii. Mtoto wa punda, eti akiwekwa chini atachafuka.

FundiTaratibu

Bado natafakari kuhusu waya wa briji. Kama kuna mtu anapita Mkomani kesho amwangalizie.

BesiMkomani

WAYA UMEFUNGWA.

Na bado hamjanijibu nimfanye nini yule bwana. Harusi ni Alhamisi.

JahaziKuukuu

Sifa. Nimeshasema.

MlaPweza

BintiLangoni punda alikuwa mzito ama 😂

BintiLangoni

Alikuwa na tabia nzuri kuliko nahodha.

KanzuFupi

Wapi naweza kumshtaki fundi cherahani? Hili jambo ni la kadhi ama la chifu?

Kusi_Kali

Ni la daktari wa macho. Halafu hiyo kanzu bado unayo? Kijana wangu ana miaka kumi, itamkaa vizuri.

KanzuFupi

Ninayo, imevaliwa mara moja tu. Shingo ina darizi nzuri, hapo sitamlaumu. Njoo inbox tuelewane.

Kusi_Kali

Nakuja. Ila nusu bei, ni nusu kanzu.