Acheni kutuuzia ekonomi yenye "trakingi" wakati mzigo ukipanda ndege hakuna anayeufuatilia

Wakuu, hili jambo limenichosha na najua humu linawakuta wengi ila mnaishia kulalamika kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa hiyo nafungua uzi tuliongelee hapa.

Unaagiza kitu nje kwenye apu, ukifika kwenye kulipia wanakuwekea aina za usafiri, ya bei ya chini kabisa ni ekonomi na pembeni wameandika kabisa kwamba trakingi ipo. Unalipa, unapewa namba. Mwanzoni inatembea vizuri tu, mzigo umepokelewa, umefika kituo cha kuchambulia, umekabidhiwa kwa shirika la ndege, umeondoka nchi ulikotoka, halafu basi. Wiki zinakatika mstari ni ule ule, unarifreshi mpaka bando linakata na neno Tanzania hulioni popote.

Mimi nina steshenari Tandika, hedi ya printa ndo nimeagiza huko, na bila printa ile duka ni kalamu na bahasha. Mtu anakuja na CV yake kwenye flashi, mwingine anataka kuprinti fomu, nawaelekeza kwa jirani na hela inaenda kwa jirani. Kila nikiwaandikia huduma kwa wateja wa ile apu jibu ni moja, mzigo uko njiani, endelea kusubiri, au wasiliana na posta ya nchini kwako. Haya, nimeenda dirishani, karani kaingiza namba, hamna kitu. Pembeni yangu kuna mama anafoka kwamba wameuficha mzigo wake, na yule karani anatukanwa kwa kitu ambacho kwenye mfumo wake hakijawahi kuonekana. Hilo nalo limeniudhi sana, aliyekula hela yuko mbali na kelele zote anapigiwa mtu asiyehusika.

Nikaamua kuchimba hii kitu inafanyaje kazi, na hapo ndo nikapandwa na hasira kabisa, maana haijaharibika popote, imepangwa iwe hivyo.

Namba za posta za kimataifa zina muundo mmoja dunia nzima, umewekwa na Umoja wa Posta Duniani (UPU) wenye makao makuu Bern kule Uswisi. Jumla herufi na tarakimu 13, yaani herufi 2 za mwanzo, tarakimu 9, halafu herufi 2 za nchi. Herufi ya kwanza kabisa ndo inakwambia umelipiwa nini. R ni rejista, E ni EMS (ile huduma ya posta ya haraka), C ni kifurushi, V ni chenye bima, L ni kipakiti kidogo chenye trakingi. Sasa angalia ya kwako kama inaanza na U. U ni kipakiti cha kawaida, hakina trakingi ya safari nzima, na hiyo namba na baakodi yake imewekwa kwa ajili ya forodha. Tangu 2021 bidhaa inayotumwa nje kwa posta taarifa zake za forodha zinatakiwa zitangulie kielektroniki kabla mzigo haujafika, kwa hiyo lazima kila kipakiti kiwe na namba ya kukiunganisha na taarifa zake. Wauzaji wanaichukua namba hiyo hiyo ya forodha wanaibandika kwenye oda yako wanaiita trakingi!! Na kwa vile ile tarakimu ya 9 ni ya kuhakiki tu kama namba imeandikwa sawa, ukiiingiza mtandaoni inakubali vizuri kabisa, na wewe unabaki na matumaini.

Zile herufi mbili za mwisho nazo zisikuchanganye, ni za nchi ya posta iliyotoa namba. Umenunua kwa Mchina na namba inaishia na NL (Uholanzi) au SG (Singapore), usishangae, wauzaji wengi wanapitisha mizigo kwenye posta za nchi za tatu wakitafuta bei nafuu.

Halafu kuna suala la hela ambalo wengi hatulijui. Posta inayotuma inailipa posta inayopokea kwa kazi ya kufikisha mzigo, na vile vya rejista au vyenye trakingi vina malipo ya ziada juu yake. Ndo maana kikiwa R au EMS unaona mlolongo unaendelea hata huku, kimeingia nchini, kimepelekwa forodha, kimetoka forodha, kiko ofisi ya kuchukulia, kimekabidhiwa. Cha ekonomi hakijalipiwa hayo. Kinasafiri ndani ya gunia na vingine vingi, linaloskaniwa ni gunia, likifunguliwa hakuna wa kuskani kimoja kimoja, kinachambuliwa kama barua za kawaida na kwa wengi wetu hapa Dar kinaishia kwenye S.L.P. ya ofisi au ya shule uliyoomba kutumia. Kwa hiyo muuzaji kabana hela, halafu anakutuma wewe ukadai skani ambayo hakuna aliyeilipia. Ni konda kakukatia tiketi ya Morogoro kakushusha Kibaha, halafu anakwambia kawaulize watu wa Kibaha.

Na msidanganyane humu na tovuti za kufuatilia mizigo kama 17TRACK na nyingine za aina hiyo, zote zinavuta taarifa kutoka kwa hao hao posta na wasafirishaji, kama skani haipo haipo. Mtu akikwambia mpe buku tano akutafutie mzigo wa namba ya U ulipo, kaa na buku tano yako.

Kinachoniuma kuliko vyote ni muda wa kudai hela. Kwenye apu niliyotumia mimi una siku kadhaa za kufungua malalamiko, zikipita umefungiwa. Muuzaji analijua hilo. Anakubembeleza subiri kidogo rafiki, posta ya kwenu inachelewesha, na wewe ni mtu mzima mwenye subira unasubiri, kumbe siku zinaisha. Ukifungua unaambiwa leta ushahidi kwamba hujapokea. Ushahidi gani jamani wakati namba mliyonipa nyie wenyewe haiwezi kuonyesha nimepokea wala sijapokea?

Siombi ekonomi ifutwe, tuelewane. Mtu anaagiza kava ya simu ya elfu tatu hawezi kulipia EMS, na ekonomi ndo imefanya watu wa kipato chetu tuagize vitu. Ninachotaka ni pale pale kwenye kulipia waandike, kwa Kiswahili na kwa maandishi ya kuonekana, kwamba mzigo huu unafuatiliwa mpaka unapotoka nchi ya mtumaji na baada ya hapo hakuna taarifa, na muda wa kudai uwe mrefu kuliko muda wa safari wenyewe. Mtu akijua hivyo ataamua mwenyewe kuongeza hela achukue rejista kwa kitu cha maana kama hedi ya printa, au abaki na ekonomi kwa kava.

Na nyie mnaoagizia watu kule Kariakoo kwa jumla, mteja akiwapa hela mwambieni mapema mnatumia njia gani, mnawapa watu namba za U halafu mnazima simu.

Aliyewahi kurudishiwa hela kwa mzigo wa ekonomi aweke hapa alivyoandika malalamiko yake na alifungua siku ngapi kabla muda haujaisha, wa kwangu bado haujafungwa na nataka niwaandikie leo leo.