Eti programa mzuri lazima awe anajua chesi?

Fundi Saa: Wakuu, bosi wetu anataka kila kijana anayeomba kazi ya programa aulizwe kama anacheza chesi, anadai akili ni ileile. Mimi nakataa. Watafiti wa saikolojia Chase na Simon walishapima hili 1973, bingwa akioneshwa ubao wa mechi ya kweli kwa sekunde tano anakumbuka kete nyingi sana, zikipangwa ovyo anakuwa karibu sawa na anayeanza. Kwahiyo alichonacho ni mazoea ya chesi, sio kichwa cha kila kitu

Bint Tanga: Na Hassabis wa DeepMind, kampuni ya akili bandia, je? Chesi tangu mtoto, akiwa kijana mdogo tu yumo kwenye timu iliyotengeneza gemu la Theme Park, 2024 kachukua Nobel. Chesi inafundisha kuona mbele bana, sio drafti ya vijiweni ya watu wasio na kazi wanaosogeza vifuniko vya soda

Kete Nyeusi: Dada hapo kwenye vifuniko umenikera na sitanyamaza. Mimi nimelelewa na baba anacheza drafti jioni akitoka kazini, KAZINI. Halafu moja ya programu za mwanzo kabisa kujifunza zenyewe ilikuwa ya drafti, ya Arthur Samuel wa IBM, na bingwa wa drafti Marion Tinsley 1992 aliifunga Chinook, programu ya kompyuta ya kucheza drafti, mchana kweupe

Bint Tanga: Tinsley si alikuwa profesa wa hesabu? Unanisaidia mwenyewe

Kete Nyeusi: Nakusaidia wapi, umesema drafti ni ya wasio na kazi, profesa hana kazi?

Mzee wa Barazani: Vijana, msichanganye. Drafti ya Tinsley kingi, ile kete iliyofika mwisho wa ubao, anatembea nyumba moja moja, kingi wetu anavuka ubao mzima. Watengenezaji wa Chinook waliposema 2007 kwamba wameimaliza drafti kwa hesabu na wote mkicheza bila kosa ni sare, wameimaliza ya kwao hiyo, yetu bado

Fundi Saa: Wazee turudi kwenye ajira jamani. Turing, mmoja wa waasisi wa sayansi ya kompyuta, aliandika programu ya chesi, 1952 akaiendesha kwa karatasi na penseli maana hakukuwa na mashine ya kuibeba, na mwenyewe kwenye chesi alikuwa wa kawaida sana. Botvinnik kinyume chake, bingwa wa dunia na injinia wa umeme, kahangaika na programu yake miaka mingi haikufika popote. Mpe anayeomba kazi kodi ya programu yenye bagi, yaani kosa, umwangalie anavyoitafuta, basi

Bint Tanga: Botvinnik kompyuta za Urusi enzi zile zilikuwa duni, usimwonee

Mzee wa Barazani: Binti, kingi wetu umemkubali au hujamkubali?

Bint Tanga: Shikamoo mzee, sijamkubali

Kete Nyeusi: Umeona sasa, dharau tu. Fundi mwambie bosi wako kama ni kuuliza chesi aulize na drafti, ubaguzi hatutaki