Miti inayojiangukia milimani ndiyo inayotuchafulia Sabaki?

Kasa wa Mayungu
Asalaam aleikum jamaa. Kaskazi ikishika, tope la Sabaki hushuka kusini mpaka kwenye matumbawe ya hifadhi, na bahari ya Malindi ikawa rangi ya chai ya maziwa. Barazani kumezuka hoja: eti kwenye misitu mikongwe ya huko juu Aberdare miti mizee hung'oka yenyewe, udongo hubaki uchi, mvua ikatuletea. Dawa yao ni kuivuna kabla haijaanguka. Mti mmoja huhamisha udongo kiasi gani? Na udongo huo hufika mtoni au huishia palepale? Naomba hesabu.

Mteremko
Wa aleikum salaam. Kwanza tenga mti uliovunjika na mti uliong'oka. Uliovunjika shina ukaacha kisiki hauhamishi udongo. Mizizi yake huendelea kuushika miaka kadhaa mpaka ioze. Wenye kazi ni ule uliong'oka. Donge la mizizi husimama wima kama ukuta, limekumbatia udongo na mawe, nyuma yake shimo. Kadiri mizizi inavyooza, mvua huupukutisha udongo ule: mwingine hurudi shimoni, mwingine hulundikana tuta kando yake. Mti ukiangukia upande wa bondeni, jambo la kawaida penye mwinamo mkali, tuta hukaa chini ya shimo, basi udongo umeshuka mlima. Ukiangukia upande wa juu, sehemu kubwa hurudi ulikotoka.

Hesabu sasa. Shimo lichukulie kama nusu ya yai: urefu mara upana mara kina, kisha mara 0.52. Shimo la mita 4 kwa 2.5, kina 0.8, ni kama mita za ujazo 4.2. Udongo wa volkano wa msituni ni mwepesi, mara nyingi haufiki tani 1 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo sema tani 3 hadi 4. Ni mzigo, sikatai. Lakini umesogea mita moja, moja na nusu. Tukikisia kwa ukarimu kwamba kila hekta hung'oa mti wa namna hiyo kila mwaka, na udongo wake ukashuka mita 1.5, basi kila mita moja ya upana wa mteremko hupitisha kama lita 0.6 kwa mwaka. Chupa ya lita haijai.

Jabali
Hesabu ni sawa, ila huo ni wastani, na mlima hauendi kwa wastani. Dhoruba ya Kyrill ya Januari 2007 iliangusha misitu mizima Ulaya ya kati kwa muda mfupi mno. Siku kama hiyo hufanya kazi ya miaka mingi. Tena, penye udongo mwembamba mizizi hupenya nyufa za mwamba, na mti ukienda chini hung'oa na mawe. Hapo mti haupunguzi udongo tu, unavunja jiwe litakalokuja kuwa udongo.

Tazameni pia gogo limelalaje. Likikingama mteremko, huwa boma: udongo na majani hujaa upande wake wa juu. Likilala kufuata mwinamo, maji hukimbia ubavuni mwake na kuchimba mfereji.

Mteremko
Kweli tupu, hasa hilo la gogo. Niongeze kwamba shimo lenyewe ni mtego. Maji yanayoteremka hutua humo, huacha tope na majani, mengine huzama ardhini. Msitu wa Žofín huko Ucheki umehifadhiwa tangu 1838, miti huachwa ianguke na kuoza, na sakafu yake imejaa mashimo na matuta. Hatari ni shimo kwenye mwinamo mkali lenye udongo mzito usiopitisha maji. Likijaa, ukingo wa chini hulainika na kuporomoka.

Bi Mikoko
Hiyo dawa ya barazani ni kumtibu mafua kwa kumkata pua. Kuvuna kunahitaji barabara, na magogo huburutwa kuelekea chini. Mburuto mmoja hukandamiza udongo, hukwangua majani yaliyoufunika, na hutengeneza mfereji ulionyooka hadi kijitoni. Shimo la mti halijaungana na mto, mburuto umeungana. Swali ni hilo la kuungana, kuliko idadi ya tani zilizotikiswa. Miti ya kingo za kijito ni habari nyingine, hiyo ikianguka udongo huingia majini moja kwa moja.

Tope letu lina njia ndefu: Athi, ikutane na Tsavo iwe Galana, ndipo Sabaki. Katikati pana mashamba ya miteremko, barabara za udongo, malisho yaliyokwanguliwa. Na tofauti na Tana, yenye mlolongo wa mabwawa (Masinga lilikamilika 1981) yanayonasa tope njiani, Sabaki haina mlolongo kama huo.

Kasa wa Mayungu
Nimewaelewa, ahsanteni. Mtu atathibitishaje bila maabara?

Mteremko
Mvua moja, kijito kimoja, sehemu mbili: kinapotoka msituni, na chini ya mashamba. Chukua lita 1 kila mahali, chupa zinazofanana, acha zituame siku mbili bila kutikiswa, linganisha unene wa tope. Udongo wa mfinyanzi ukigoma kutuama, chuja kwa karatasi uliyoipima uzito, kausha, pima tena. Wengi hukosea saa: hungoja mto ujae ndipo wachote. Tope mara nyingi hutangulia kilele cha maji, kwa hiyo anza kuchota maji yakiwa yanapanda, kila nusu saa. Na usichote juu juu. Zamisha chupa hadi katikati ya kina, mdomo uelekee maji yanakotoka.