Majirani East Bayside: usiku wa kura ya meya, Portland, Maine, Marekani, Novemba 7, 2023

Mama Neema: Jamani mie nishapiga 🙌 nimempa Pious Ali, nimemjazia viduara vyote vitano, chaguo la kwanza mpaka la tano, wasije wakasema sikumaanisha

Neema: MAMA

Neema: mama umefanya nini

Mama Neema: Nimemkoleza

Neema: hawahesabu mara tano mama, ni moja tu, hizo nne zote hewa

Baba Juma: 😂😂😂 shemeji umekoleza mpaka umeunguza

Da Zai: mwenzenu hata sielewi, si anayeongoza ndo anachukua? kwetu Tanga ukizidi hata kwa kura moja ushakuwa mbunge

Neema: umeya wa hapa sio hivyo da Zai. wako watano, Ali, Costa, Dion, Pugh na Zarro. asipopatikana wa kuvuka nusu wanamtoa wa mwisho, wanachukua karatasi zake wanaangalia namba mbili kaandikwa nani, zinahamia kwa huyo, halafu wanamtoa mwingine, hivyo hivyo mpaka mmoja avuke. sasa mama akitolewa Pious karatasi yako haina pa kwenda

Mama Neema: Kwani atatolewa? Usimwombee mabaya mtoto wa watu. Ametoka Ghana huko mpaka baraza la mji tangu 2016

Mzee wa Bukavu: Watano njo munalalamika? 2011 walikuwa 15. Mara ya kwanza watu wa mji kujichagulia meya tangu 1923. Miye nilijaza wanne nikachoka, mistari kwa mistari, macho inauma

Fiston: Shikamooni. Nasikia leo wanaandikisha hapo hapo kituoni, niko na karatasi ya nyumba, naweza kwenda? Wanafunga saa mbili

Baba Juma: USIENDE

Baba Juma: Fiston nisikilize mdogo wangu, kuandikisha siku hiyo hiyo ni kweli lakini ni kwa raia tu. Wewe kesi yako ya asylum, ya kuomba hifadhi, bado, ukisaini pale kwamba wewe ni raia umejichimbia kaburi, siku ya interview wanakutolea ile ile karatasi. Hata mtu akikuambia twende tu, kataa

Fiston: Asante kaka. Ni vile tulilala Expo na watoto mpaka Agosti, vitanda vimepangwa kwenye uwanja wa basketi, nikafikiri meya njo anaamua tutalala wapi

Mzee wa Bukavu: 2010 tuliuliza wakaaji wasio raia wapige kura za mji tu, hata si za Rais. Wapiga kura wakakataa, lakini ilikuwa karibu

Baba Juma: Na meya mwenyewe hapa hana meno sana. Anaongoza vikao, ana kura moja kati ya tisa. Anayeendesha ofisi ni meneja wa mji, huyo anaajiriwa na baraza. Mwaka jana wakapeleka swali la kumwongezea meya nguvu, likaanguka. Ndo maana nawaambia msimrukie tu meya, mtazameni na diwani wa mtaa wenu

Da Zai: mie nimechoka na lile swali la umeme, la kuchukua makampuni ya umeme yawe ya umma, nimesoma mara tatu nikapiga hapana

Neema: hakuna aliyevuka nusu. kompyuta inaanza kuhamisha

Mama Neema: Nalala

*Siku ya pili, jioni*

Neema: Dion kapita. mwisho walibaki yeye na Zarro

Baba Juma: Yule aliyekuwa sherifu?

Neema: ndiye

Mama Neema: Na karatasi yangu iko wapi sasa?

Neema: iliishia pale alipotolewa Pious mama. namba mbili ungemweka nani kwani?

Mama Neema: Sasa hao wengine mie nawajua? Hakuna hata mmoja aliyegonga mlango wangu

Mama Neema: Fiston umepata koti la baridi? La Baba Neema lipo, linabana mabegani kidogo, pitia kabla ya saa kumi na mbili naenda shift