Mjadala: Je, jamii inaweza kulikomboa tusi la rangi ililotukanwa nalo?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kuna hoja naisikia kila mara na sijawahi kuiona ikifika mwisho kabla watu hawajaanza kurushiana maneno. Wanasema jamii iliyotukanwa kwa neno fulani miaka nenda rudi inaweza kulitwaa neno lilelile, ikajiita nalo, sumu ikaisha. Wapo wanaosema huo ndio ushindi wenyewe. Wapo wanaosema huko ni kujipaka matope na kuyaita manukato.

Naweka msimamo wangu mezani mapema, anayetaka kunipiga asihangaike kutafuta pa kunipigia. Naamini neno linakomboleka, ila halikomboleki kwa kutamkwa mara nyingi. Linakomboleka pale wenye kutukanwa wanapopata nguvu ya kuamua mambo makubwa kuliko neno lenyewe.

Ushahidi wangu ni neno "kanaka". Kwa Kihawaii maana yake ni mtu. Mtu tu, binadamu. Mabaharia na wafanyabiashara wa Kizungu walilibeba wakalisambaza Pasifiki nzima katika karne ya 19, kila mwenyeji waliyemkuta wakambandika, mwishowe likawa tusi. Sasa tazameni lilikofika.

Kaledonia Mpya, visiwa vya Pasifiki vilivyo chini ya Ufaransa tangu 1853, neno liliandikwa "canaque" na lilisemwa kwa dharau. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wenyeji, baadhi yao wametoka masomoni Ufaransa, wakalichukua, wakalivua tahajia ya Kifaransa, wakaliandika Kanak, K mbele na K nyuma. Mwaka 1984 likaingia kwenye jina la muungano wao wa kupigania uhuru, FLNKS. Mwaka 1998 likaandikwa kwa heshima ndani ya Mkataba wa Nouméa, uliotiwa saini na serikali ileile ya Ufaransa. Leo ukimwita mtu Kanak umemtaja asili yake, na basi.

Queensland, Australia, neno hilohilo walipachikwa watu wa visiwa kama Vanuatu na Solomon waliopelekwa mashamba ya miwa kuanzia 1863, wengine kwa kurubuniwa, wengine kwa kutekwa kabisa. Sheria ya mwaka 1901 ikaagiza wengi wao warudishwe walikotoka. Vizazi vya waliobaki wanajiita watu wa Visiwa vya Bahari ya Kusini, na serikali iliwatambua rasmi kama jamii mwaka 1994. "Kanaka" kwa wengi wao ni tusi mpaka kesho.

Ujerumani ndiko kunakochekesha kama si kusikitisha. Huko "Kanake" ni tusi kwa watu wenye asili ya Uturuki na nchi za Kiarabu, watu ambao Pasifiki wameiona kwenye ramani. Baadhi ya watoto wao wanaitana hivyo wenyewe kwa wenyewe na kwenye rapu. Mgeni akithubutu, ni ugomvi.

Neno moja, hatima tatu. Nawasilisha.

Kipanga

Somo zuri mkuu, ila umezunguka mfupa. Watu wakianzisha mada hii wanamaanisha neno la N, lile tusi la Kiingereza kwa watu weusi. Pasifiki umekimbilia kwa sababu huko hakuna wa kukujibu.

Dada Mkweli

Basi ngoja niugugune mimi huo mfupa, na naugugunia upande wa wanaosema haiwezekani.

Julai 2007 NAACP, chama cha haki za Wamarekani weusi kilichoanzishwa 1909, kililizika neno hilo mjini Detroit. Sisemi kwa mafumbo. Kulikuwa na jeneza la mbao, farasi wawili wakilivuta, watu nyuma wakilisindikiza. Mji uleule chama hichohicho kilikuwa kimemzika Jim Crow mwaka 1944, yaani ule ubaguzi wa kisheria. Jim Crow yule ilichukua miaka 20 hivi, lakini sheria za haki za kiraia na za kura za 1964 na 1965 zilikuja zikamfukia kweli. Neno la N lilifufuka kabla wasindikizaji hawajafika makwao.

Na kuna Richard Pryor, mchekeshaji mweusi wa Marekani. Miaka ya 1970 hakuna mchekeshaji aliyelitumia neno hilo kumzidi, mpaka kwenye jina la albamu yake aliliweka. Alidhani analivunja makali. Mwaka 1979 akasafiri kwenda Kenya. Alisimulia baadaye kwamba alikaa hotelini akitazama watu weusi wa kila namna wakipita na shughuli zao, akajiuliza, kati ya hawa naona wangapi wa lile neno? Akajijibu, hakuna hata mmoja. Akaapa kutolitumia tena kwa mtu mweusi mwenzake.

Mimi hapo ndipo niliposhawishika. Miaka yote ya kulitamka haikufanya kilichofanywa na kukaa kidogo mahali ambapo neno halina kazi. Kama kweli lilikuwa limekombolewa, kwa nini aliyelikomboa ndiye aliyelikimbia?

Mtani Wenu

Dada Mkweli, kwa heshima zote, unalipima neno kwa kipimo kisicho chake. Wale vijana wanaoitana kwa neno la N, lile linaloishia na "a" badala ya "er", wengi wao hawadai kwamba wamekomboa chochote. Ni utani. Utani una watani wake.

Mama anamwambia mwanawe "mjinga wewe" huku anamfunga vifungo vya shati. Jirani akisema maneno hayohayo ni kesi. Hakuna anayemwendea mama kumuuliza mbona yeye anaruhusiwa. Lakini neno likihusu rangi, ghafla watu wanataka sheria moja kwa wote, na wa kwanza kuitaka sheria hiyo mara nyingi ni jirani.

Kipanga

Sawa. Na kijana wa Afrika ambaye babu yake hakuvushwa bahari, neno kalipata kwenye muziki, anamwita nalo rafiki yake asubuhi na jioni? Huyo ni mama au jirani?

Mtani Wenu

Mpangaji. Analala ndani ila hati ya nyumba si yake.

Dada Mkweli

Mpangaji anayewapaka rangi kuta za watu bila ruhusa. Nimecheka, lakini sijabadilika.

Mzee Tarishi

Vijana, hamjambo. Mmefika Hawaii, mmefika Detroit, na neno kubwa kuliko yote haya lilipita vinywani mwetu. Namaanisha "kafiri".

Kwa Kiarabu ni asiyeamini. Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki walilitumia kwa watu wasio wa dini yao, Wareno wakalisikia wakalifanya "cafre", Waholanzi na Waingereza wakalichukua hadi kusini kabisa mwa bara. Waingereza walifika mahali pa kuiita nchi nzima ya Waxhosa kwa jina hilo: mwaka 1847 walitangaza koloni la British Kaffraria. Dini ilishatoka ndani ya neno zamani. Lilibaki na rangi na mjeledi. Wakati wa ubaguzi Afrika Kusini lilikuwa ndilo tusi la kila siku la mtu mweusi, na sasa wanaliita neno la K, hawalitamki. Mwaka 2018 mwanamke mmoja mzungu, dalali wa nyumba, alihukumiwa miaka 3 jela, mmoja ukiahirishwa, kwa kuwatukana kwa neno hilo mara 48 polisi na wapokea simu za dharura. Polisi hao walikuja kumsaidia, maana alikuwa amevunjiwa gari.

Sasa vukeni bahari. Sri Lanka, karibu na mji wa Puttalam, ipo jamii ndogo ya watu wenye asili ya Afrika, wajukuu wa askari na watumwa waliopelekwa na Wareno, Waholanzi na Waingereza. Wanajiita Kaffir. Hawakulikomboa, maana kwao halikuwahi kupotea. Wanalitaja kama mtu anavyotaja jina la ukoo. Na Afghanistan kulikuwa na nchi ya milimani iliyoitwa Kafiristan na majirani zake. Amiri wa Kabul alipoiteka na kuwasilimisha watu wake, mwaka 1896, jina likawa Nuristan, nchi ya nuru. Huko jina lilifutwa kwa upanga pamoja na dini yenyewe. Sijui kama mtaita huo ukombozi. Mimi siuiti.

Mleta mada, nina maswali mawili kwako. La kwanza: mbona Afrika Kusini, nchi iliyopindua utawala mzima, haikulitwaa neno la K? Kwa kipimo chako cha nguvu lilistahili kuwa limekombolewa tangu 1994. La pili linatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili, na naona hakuna anayeligusa. Mjadala huu tumeuanza kana kwamba sisi siku zote ni watukanwa. "Kafiri" na "mshenzi" tuliwaita akina nani, na je, tumewahi kuwauliza kama wanayataka maneno hayo?

Wakili wa Jioni

Naingiza la kisheria halafu naondoka. Marekani kulikuwa na bendi ya Wamarekani wenye asili ya Asia, The Slants. Jina hilo ni tusi la macho yao, wakalichagua kwa makusudi ili kuligeuza. Ofisi ya alama za biashara ikakataa kulisajili kwa kutumia kifungu cha sheria ya 1946 kinachozuia alama za kudhalilisha watu. Juni 2017 Mahakama ya Juu ikakifuta kifungu hicho, majaji 8 kwa 0.

Wakashinda. Mlango uleule ukaifungulia timu ya Washington Redskins, jina ambalo ni tusi kwa Wenyeji wa Amerika, iliyokuwa imenyang'anywa usajili mwaka 2014 kwa malalamiko ya Wenyeji wa Amerika. Timu hiyo haikuwa ya Wenyeji na haikuwa inamkomboa yeyote. Mahakama haiwezi kuandika kwamba neno hili ni ruhusa kwa aliyetukanwa na marufuku kwa aliyetukana. Jina la timu lilikuja kuachwa 2020, na waliolisukuma ni wadhamini na fedha zao, mahakama haikuhusika.

Kipanga

Mzee Tarishi amemaliza kazi. Mleta mada, hata Marekani kipimo chako kinakatika. Mwaka 2008 walimchagua rais mweusi. Nguvu gani tena unataka? Neno la N likabaki palepale.

Mleta mada

Shikamoo Mzee. Nimekaa na swali lako la kwanza tangu jana, na nakiri nimeteleza.

Afrika Kusini hawakuligusa neno la K kwa sababu walikuwa wameshapata la kujiita. Serikali ya makaburu iliwaandika "wasio wazungu", yaani watu wanaotajwa kwa wasichokuwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Steve Biko na wanafunzi wenzake wakalikataa jina hilo wakajiita weusi, na ndani yake wakawaingiza machotara na Wahindi, maana kilichowaunganisha ni kukandamizwa. Marekani ni vivyo hivyo. Tunasahau kwamba "mweusi" lilikuwa tusi pia. Kabla ya miaka ya 1960 neno la adabu lilikuwa "Negro", na kumwita mtu "black" kulitosha kuanzisha ngumi. Mwanaharakati Stokely Carmichael aliposimama Mississippi Juni 1966 akapaza sauti ya "Black Power", alikuwa anaokota kitu kilichokuwa jalalani. Kufika 2020 shirika la habari la AP likaanza kuliandika kwa herufi kubwa. Na Paris ya miaka ya 1930 washairi weusi Césaire, Senghor na Damas walishafanya hivyo na "nègre", tusi la Kifaransa kwa mtu mweusi, wakaunda nalo Négritude, vuguvugu la kujivunia weusi.

Kwa hiyo Kipanga, jibu langu ni kwamba Wamarekani weusi walikomboa neno. Ni lingine tu, silo unaloliangalia. Nguvu inakupa nafasi ya kuchagua. Unachagua lile unalolihitaji.

Na hapa Kaledonia Mpya nimeielewa upya. Wenyeji wa kule wana lugha 28. Hawakuwa na jina moja la kuwataja wote kabla ya mkoloni, kila mmoja alikuwa mtu wa ukoo wake na bonde lake. Tusi la mkoloni ndilo lililowakusanya wote chapa moja. Walipotaka kusema "sisi" mbele ya Ufaransa, neno lililokuwa tayari lilikuwa hilo. Wale wa Queensland walikuwa na jina jingine, wakalitumia. Neno la N halikuwa na pengo la kuziba, ndiyo maana limebaki la kijiweni, la utani kama alivyosema Mtani, na huenda hapo ndipo litakapokaa.

Dada Mkweli

Hapo sasa tunasikilizana kidogo. Ila Wajerumani wako wenye asili ya Uturuki, pengo lao ni lipi? Mbona wao wanalitumia, na jina jingine wanalo?

Mleta mada

Lipi, "Mturuki"? Wengi wamezaliwa Ujerumani, na Uturuki wakienda wanaitwa Wajerumani.

Kipanga

Si wajiite Wajerumani?

Mleta mada

Wanajiita. Shida ni anayeitika.

Mzee Tarishi

Marahaba. Umejibu la kwanza, nimeridhika nusu. La pili bado nalisubiri, na naona wote mmelipita kimya kimya.