Wanahuisha mpango wa mtaa wetu kwa ramani ya enzi za mikorosho, halafu wanasema tumeridhia!

Wakuu, nimetoka mkutanoni sasa hivi, nina hasira, mnivumilie.

Tunakaa pembezoni mwa Dar. Nilipohamia mwaka 2009 huku ilikuwa mikorosho na nyumba za kuhesabu. Leo hata bodaboda inatafuta pa kupita. Sensa ya 2012 iliikuta Dar na watu 4,364,541, ya 2022 ikakuta 5,383,728. Watu wote hao hawakwenda kujenga Kariakoo, wamekuja huku.

Sasa mpango wa eneo, yaani mchoro unaopanga ardhi ipi itumike kwa nini, unahuishwa. Jambo jema, tumelililia miaka. Lakini mchoro waliotukunjulia leo umeweka shule juu ya nyumba yangu na za majirani saba, mahali tulipojenga na kuzika. Uwanja wa mpira, kipande pekee kilichobaki wazi, tunapofunga maturubai ya misiba, umepakwa rangi ya biashara. Mzee mmoja akauliza: bonde liko wapi? Halimo! Bonde linalofurika kila masika hadi wajawazito wanashindwa kuvuka kwenda zahanati, kwenye mchoro ni viwanja.

Tulipohoji tukaambiwa muda umekwisha, sainini mahudhurio. Nikasaini, kwa sababu kweli nilihudhuria. Kumbe karatasi ileile ndiyo inayoambatanishwa kuonyesha wananchi wamekubali. Mimi sijakubali! Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wenye maeneo waitwe na wasikilizwe. Kuitwa tumeitwa, nani katusikiliza?

Na mji huu ulishaumia. Mpango Kabambe wa 1979, yaani mpango mkuu wa jiji zima, ulikuwa wa miaka 20. Ukaisha, watu tukaendelea kujenga bila mwongozo mpya hadi ukaja huu wa 2016 hadi 2036. Ndiyo maana leo nyumba ikishika moto kwetu, gari la zimamoto linaishia barabarani. Tukikosea tena, atakayevunjiwa si aliyechora.

Tunataka mchoro ubandikwe ofisi ya mtaa, kila mtu aone kiwanja chake kimefanywa nini. Na mpimaji aje tutembee naye, bondeni ashuke kwa miguu.

Tumeanza barua ya pingamizi, majina yamefika 64. Mwenye uzoefu wa kupinga mchoro kabla haujaidhinishwa anisaidie: barua inaanzia kwa mtendaji wa mtaa au tunaipeleka moja kwa moja halmashauri? Tuna wiki mbili tu.