Tupeane uzoefu: OCD isiyo ya kunawa mikono

Bajaji ya Kizota: Wakuu, OCD (ugonjwa wa mawazo ya hofu yanayojirudia na kukulazimisha urudierudie jambo) ikitajwa watu wanawaza mtu anayenawa mikono mpaka ngozi ichubuke. Yangu iko barabarani. Nikipita tuta tu, kichwa kinauliza: huyo hakuwa mtu? Nageuza, narudi, nachungulia mtaroni, nakagua madigadi ya mbele kama yana damu. Abiria wa Nkuhungu alishuka njiani, akasema bora boda kuliko kuzungushwa. Na ukishaangalia unapata nafuu ya dakika chache, halafu linakuja jingine: labda aliburuzwa mbele zaidi?

Sasa niko kwenye tiba. Zoezi langu: pita tuta, usirudi, usiangalie kioo, acha hofu ipande mpaka ichoke yenyewe. Inashuka kweli, ila mwanzoni jasho lilinitoka kama nimebeba viroba. Wenye aina zisizosikika, karibuni. Wale wa "nenda Mirembe", hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, wakae pembeni. Nimeshakwenda, foleni yake ni kama ya hospitali yoyote.

Mama Tunu: Pole kaka. Yangu ilianza baada ya kujifungua. Namwogesha mtoto, wazo linakuja: ukimwachia azame? Kazi ya kuogesha nikamsukumia mama mkwe, visu nikavificha juu ya kabati chini ya mablanketi. Nilinyamaza nikijua nitanyang'anywa mwanangu. Muuguzi mmoja aliniuliza tu: yakija hayo mawazo unayataka, au yanakutisha? Zoezi likawa kukata vitunguu mtoto akiwa mgongoni. Ila wadada, ukisikia sauti inakuamuru, au wazo likaanza kuonekana sahihi, hilo ni jambo jingine. Hospitali siku hiyohiyo.

Mwana wa Kondoa: Mimi ni wasiwasi wa udhu. Narudia kuosha, narudia nia, narudia takbira, imamu yuko rukuu mimi bado sijaingia kwenye swala. Nikijibiwa na ustadhi huyu, kesho namuuliza mwingine swali lilelile. Wa mwisho akagoma: "Sikujibu tena. Osha mara tatu, ondoka, hata ukihisi haijatimia." Nilinuna. Nilipofika kwa daktari akaniambia hivyohivyo.

Kimya Kingi: Mimi nahesabu ninavyomeza mate. Nikishagundua nameza, basi hata chakula hakipiti vizuri.

Mtu wa Mpwapwa: Mmechezewa. Tafuteni mganga.

Mama Tunu: Nilikwenda. Alichukua mbuzi, mawazo akaniachia.

Mke wa Mwalimu: Wangu ananiuliza MIMI kama yeye ananipenda! Zamani nilimhakikishia usiku kucha, na kesho yake anauliza zaidi. Tuliambiwa kumhakikishia ndiko kunaulisha ugonjwa. Siku hizi namjibu "huenda" naendelea kukunja nguo.

Duka la Dawa: Fluoxetini na sertralini ni dawa za sonona, lakini kwa OCD dozi mara nyingi hupandishwa zaidi, na huchukua wiki 8 hadi 12 kujua kama zinakufaa. Wateja wanaacha mapema kwa kichefuchefu, wanasema hazifanyi kazi. Usiache ghafla, rudi kwa aliyekuandikia. Mjamzito na anayenyonyesha waseme mapema.

Mwana wa Kondoa: Na Ramadhani?

Duka la Dawa: Fluoxetini kwa kawaida ni mara moja kwa siku. Muulize daktari wako kama unaweza kuimeza wakati wa daku.